Bustani ya Nyoka ya Mutomo, na Faida Yake kwa Mkulima

Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Methali hiyo ni ya pwani, kwenye minazi mingi. Lakini hata katika nchi ya Ukamba, ambako hakuna makuti ila miiba na majani makavu, maana yake yajulikana vyema. Ni nadra kumpata mkulima wa Kitui au wa Makueni asiyemjua jirani, au mtoto wa jirani, aliyeumwa na nyoka shambani, machungani, au hata kitandani mwake.

Wanyama wakubwa wa nchi hiyo wamekwisha pungua. Kati ya mwaka 1944 na mwaka 1946, Serikali ya wakati ule ilipotaka kuifungua ardhi ya Makueni ili watu wapate kuhamia na kulima, mwindaji aitwaye J. A. Hunter alipelekwa kuwaua faru waliokaa katika vichaka vile. Alipomaliza kazi yake, hesabu ilikuwa faru 996. Vichaka vikafyekwa, mashamba yakalimwa, na leo mtoto wa Makueni humjua faru kwa picha ya kitabuni tu. Watu wengi sasa huhesabu jambo lile kuwa hasara kubwa, wala halirudishiki.

Basi faru aliondoshwa kwa bunduki katika muda wa miaka 2 hivi. Nyoka hakuondoshwa, wala hataondoka. Yeye ni mdogo, ni mwingi, hujificha katika mashimo na vichuguu, tena humfuata panya, na panya hulifuata ghala la mkulima. Palipo na mavuno pana panya, na palipo na panya pana nyoka. Kwa kuwa hatuwezi kuhamishwa sote wala yeye hawezi kuhamishwa, njia iliyobaki ni moja, nayo ni kumjua.

Kwa sababu hiyo yafaa kuitaja bustani ndogo iliyoko Mutomo, upande wa kusini wa Kitui, ambako nyoka na wanyama wengine watambaao hufugwa ili watu wapate kuwatazama na kufundishwa. Mtu atokaye Makueni aweza kufika kwa barabara ya lami itokayo Kibwezi, akavuka mto Athi ulio mpaka wa kaunti hizo mbili, akapita Ikutha, kisha akafika Mutomo. Bustani za namna hii si jambo geni katika Kenya. Ile ya Nairobi, iliyo karibu na jumba la makumbusho, ilifunguliwa mwaka 1961. Na ile ya Bio-Ken huko Watamu ilianzishwa mwaka 1980 na Bwana James Ashe na mkewe. Nazo hazifunguliwi ovyo, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza mtu kumfuga mnyama wa porini pasipo kibali.

Msomaji na amfikirie mzee mmoja mkulima wa upande wa Kibwezi, ambaye habari yake ni mfano wa wengi. Mzee huyu ana mjukuu aliye karani mjini Wote, na karani huyo alimwomba babu yake wafuatane kwenda Mutomo siku ya Jumamosi. Mzee hakupendezwa.

"Mjukuu wangu," alisema, "nauli hii ingetosha kununua mbegu za ndengu. Yafaa nini kumlipa mtu ili nimwone nyoka, hali nyoka hunijia nyumbani bure?"

"Ni kweli, babu," kijana akajibu. "Lakini wale wa nyumbani twawaona wakiwa wamekwisha uma. Hawa twaweza kuwatazama kwanza."

Mzee alikuwa na sababu ya kuchukia. Miaka 2 kabla ya siku ile, mjukuu wake mwingine, mtoto wa kuchunga mbuzi, aliumwa mguuni wakati wa magharibi alipokuwa akirudisha mifugo. Watu wa nyumbani walimfunga mguu kwa mpira uliokatwa katika tairi ya baiskeli, wakamchanja kwa wembe mahali pa jeraha, wakaweka jiwe jeusi, wakangoja kupambazuke. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali. Maisha yake yaliokolewa, ila mguu ulikatwa chini ya goti, na sasa huenda shule kwa mkongojo.

Walipofika Mutomo walipokewa na kijana aliyewaongoza. Kwanza aliwaonya wasigonge vioo, wasitie mkono penye tundu lolote, na wasimguse mnyama yeyote mpaka waambiwe. Kisha akawasimamisha mbele ya sanduku la kioo lenye mchanga na majani makavu. Mzee akatazama kwa muda, akainama, akatazama tena.

"Sanduku hili ni tupu," akasema.

"La, mzee, si tupu," kiongozi akamjibu. "Yuko mbele ya fimbo yako."

Ndipo mzee alipomwona kifutu, mnene kama mkono wa mtu, amelala kimya kati ya majani, rangi yake kama majani yenyewe. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, ingawa kioo kilikuwa kati yao.

Kiongozi akawaeleza kwamba hilo ndilo somo la kwanza. Nyoka wengi husikia mtetemo wa miguu ya mtu katika ardhi, wakakimbia kabla hajawaona. Kifutu hakimbii. Yeye huitumainia rangi yake, hutulia mahali pake, na mara nyingine hutoa sauti ya kufoka kama mfuko unaotoka pumzi. Mtu asiyesikia, au anayekwenda gizani, humkanyaga. Hupenda kulala njiani jioni. Ndiyo maana watu wengi anaowauma huumwa kwenye unyayo au kifundo cha mguu, nao ni wakulima na wachungaji waliovaa ndara au wasiovaa kitu. Sumu yake huivimbisha nyama, hutoa malengelenge, kisha huiozesha. Tena yeye hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, mara nyingi 20 mpaka 40 kwa mara moja. Jike mmoja aliyetoka Kenya, akafugwa katika bustani ya wanyama huko nchi ya Cheki, alizaa watoto 156, na hesabu hiyo haijapitwa na nyoka yeyote.

"Basi hata nikiua mmoja kila siku sitawamaliza," mzee akanena.

"Hutawamaliza, mzee. Lakini ukiwa na tochi na viatu vilivyofunika mguu, hutamkanyaga."

Wa pili alikuwa koboko. Watu wengi humdhania kuwa mweusi, kumbe ngozi yake ni ya kijivu au ya rangi ya zeituni. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, ambacho hukifunua anapoogopa. Aweza kupita urefu wa mita 3. Masimulizi husema kwamba humkimbiza mtu aliye juu ya farasi, lakini hayo si kweli, maana kasi yake kubwa ni kama kilometa 20 kwa saa, tena kwa mwendo mfupi, na mara nyingi mbio zake ni za kukimbilia shimo lake. Hukaa katika kichuguu kilichohamwa au katika tundu la mti, naye hupapenda mahali pamoja kwa muda mrefu. Sumu yake haiozeshi nyama. Hulegeza viungo, macho yakawa mazito, ulimi ukashindwa kunena, kisha pumzi ikakatika. Aliyeumwa na koboko huweza kufa kwa muda wa saa chache asipopata dawa, wala asionekane na uvimbe mkubwa wa kuwashtua watu wake. Kwa hiyo ni kosa kungoja uvimbe ndipo gari liitwe.

Wa tatu alikuwa swila atemaye mate. Katika mashariki ya Kenya yuko mmoja aliye mkubwa kuliko wote wa kabila lake duniani. Wataalamu walimtambua kuwa wa aina yake mwenyewe mwaka 2007 tu, wakampa jina la ukumbusho wa Bwana Ashe wa Watamu, aliyefariki mwaka 2004 baada ya kusema miaka mingi kwamba huyu si sawa na wengine. Aweza kufikia mita 2.7, na sumu yake huirusha kwenye macho ya mtu kutoka mbali ya hatua mbili au tatu. Aliyepatwa asiyafikiche macho, bali ayaoshe mara moja kwa maji mengi, kisha aende hospitali. Akichelewa aweza kuwa kipofu.

Baadaye kiongozi akaenda nyuma, akarudi na nyoka mdogo wa rangi ya kahawia amejiviringisha mkononi mwake. Akasema kwamba huyu ni nyoka wa nyumba, hana sumu, na chakula chake ni panya. Karani akanyosha mkono, akampokea. Mzee akakataa mara mbili, na mara ya tatu akamgusa mgongoni kwa kidole kimoja.

"Nilidhani ni mwenye utelezi," akasema. "Kumbe ni mkavu, na baridi."

"Wewe umekwisha ua wangapi wa namna hii, mzee?"

"Hawana hesabu."

"Na panya wa ghala lako?"

Mzee hakujibu, lakini alicheka kidogo, maana msimu uliopita alikuwa amepoteza magunia ya ndengu kwa panya. Hata hivyo kiongozi hakumwambia awaache nyoka wote waingie nyumbani. Alimwambia kwamba mtu asiyeweza kumbainisha mwenye sumu na asiye na sumu asimshike yeyote, wala asimfuate kwa fimbo, kwa sababu watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kumwua au kumshika nyoka aliyekuwa akienda zake.

Walipokuwa wamekaa chini ya mti kupumzika, mzee akauliza neno lililomleta. "Kijana, lile jiwe jeusi mwalikataa, nami nalijua limemponya jirani yangu. Aliumwa asubuhi, akawekewa jiwe, jioni akala chakula chake. Utasemaje?"

Kiongozi akamjibu kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka ulimwenguni, na katika hao wanaopata madhara ya sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Maana yake, angalau nusu ya wanaoumwa hawadhuriki kwa sumu. Ama nyoka mwenyewe hana sumu, ama ameuma bila kuitoa. "Watu hao, mzee, wangepona kwa jiwe, au kwa majani, au kwa kukaa tu chini ya mti huu. Jiwe hupata sifa kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa. Lakini yule aliyetiwa sumu, jiwe haliwezi kuivuta. Humcheleweshea safari tu. Nao wanaokufa kila mwaka ni kati ya 81,000 na 138,000."

"Na mpira wa kufunga mguu?"

"Huo ni mbaya zaidi. Sumu ya kifutu ni ya kuozesha nyama. Ukiifunga mahali pamoja, tena ukaizuia damu isipite, nyama ya mguu hufa kwa mambo mawili badala ya moja. Kuchanja nako huongeza kutoka damu, na kuingiza uchafu."

Mzee akanyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Mimi ndimi niliyeufunga mpira ule."

Karani akainamisha kichwa, maana neno hilo halikuwahi kusemwa nyumbani. Kiongozi akasema kwa upole, "Mzee wangu, uliufunga kwa kutaka kumwokoa mtoto."

"Kutaka si kujua," mzee akajibu. "Sasa niambie lipasalo, nami nitalishika."

Lipasalo si gumu kulishika. Mtu akiumwa, kwanza aondolewe mahali alipo nyoka, atulizwe, alazwe, asitembee wala asikimbie. Pete, bangili, viatu na nguo za kubana zivuliwe upesi kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kiegemezwe kijiti na kufungwa kitambaa taratibu, kama mfupa uliovunjika, ili kisitikisike. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asipewe pombe, asifungwe kamba ya kukaza. Akiwa anatapika au anasinzia, alazwe ubavu. Akikatika pumzi, apuliziwe pumzi kinywani mpaka afike kwa mganga. Nyoka asitafutwe ili apelekwe hospitali. Kumweleza rangi yake, au kumpiga picha kwa simu kutoka mbali, kwatosha. La mwisho, naye apelekwe hospitali palepale, awe anaonekana mzima au mgonjwa.

Dawa ya kweli ni moja tu, nayo ni ile ya kuvunja sumu ya nyoka. Ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1890 na Bwana Albert Calmette, mtaalamu wa Ufaransa. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijifunze kuishinda, kisha sehemu ya damu hiyo husafishwa na kupewa mgonjwa. Ni kazi ya gharama kubwa. Kiwanda cha Sanofi Pasteur cha Ufaransa kiliacha mwaka 2014 kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika, na shehena ya mwisho ikapitwa na wakati mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaandika majeraha ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mpango ni mwema, lakini mkulima hawezi kuungoja akiwa amelala njiani usiku. Yampasa ajue leo ni hospitali gani ya karibu yenye dawa hiyo, na ni nani mwenye gari au pikipiki atakayeamka akiitwa. Dawa si zote zinazofaa kwa nyoka wa nchi hii, wala si kila zahanati iliyo nayo. Kwa hiyo kuuliza mapema ni akiba.

Mzee na mjukuu wake walirudi Kibwezi jioni ileile. Siku zilizofuata majirani walimwona akifanya mambo madogo. Alilihamisha ghala la ndengu lililokuwa limeegemea ukuta wa chumba cha kulala, akalijenga mbali, juu ya nguzo. Rundo la mawe na kuni lililokuwa karibu na mlango akaliondoa. Akafyeka nyasi za njia iendayo chooni. Watoto waliokuwa wakilala chini aliwatengenezea vitanda vya kamba, na vyandarua vyao vikachomekwa chini ya magodoro, maana chandarua kilichochomekwa vyema humzuia mbu na pia kiumbe kitambaacho. Akamnunulia mchungaji viatu vya mpira virefu, na tochi moja ikatundikwa mlangoni, asiruhusiwe mtu kutoka usiku bila hiyo.

Tena katika baraza ya kijiji alisimama, akaomba nambari ya simu ya mwenye pikipiki mmoja iandikwe ukutani kwa kila nyumba. Mtu mmoja akamcheka, akasema, "Mzee huyu amekwenda Mutomo akarudi rafiki wa nyoka."

Mzee akamjibu, "Si rafiki yangu. Kobo­ko akiingia chumbani mwangu nitawatoa watoto, nitafunga mlango, na nitamwita mwenye kazi yake. Lakini kama ningalimjua mapema, kijana wangu angalikuwa na miguu miwili."

Hakuna aliyecheka tena, na nambari ikaandikwa.

Wako watu wasemao kwamba kuwafuga nyoka ni upuuzi katika nchi yenye njaa ya mara kwa mara na mvua haba. Maneno yao yana uzito, maana mkulima hana fedha ya kupoteza kwa kutazama tu. Lakini aendaye Mutomo akarudi bila kujifunza ametazama, na aendaye akarudi akalihamisha ghala lake amejifunza. Walimu wafanya vyema wakiwapeleka wanafunzi wao, na machifu wakiwapeleka wazee wa vijiji, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba kuanza, kwa kuwa wakati wa mvua ndipo watu huingia mashambani na nyoka hutoka mashimoni.

Faru wa Makueni walikwisha kabla watu hawajapata nafasi ya kuwafahamu. Nyoka yungali mlangoni, na nafasi ya kumfahamu ingalipo.